Saa ya Kifafa: Mzunguko wa Siku na Mishtuko ya Kifafa kwa Panya wa Maabara



1. Utangulizi

Mgonjwa wa kifafa akifika kliniki huulizwa ameanguka mara ngapi mwezi huu. Ni nadra kuulizwa ameanguka saa ngapi. Mada hii inadai kwamba swali la pili lina uzito sawa na la kwanza, na mashahidi ninaowaleta ni panya wa maabara.

Wazo lenyewe si jipya. Katika karne ya 19 daktari Mwingereza William Gowers aliwagawa wagonjwa wake katika makundi: wanaoanguka mchana, wanaoanguka usiku, na wale wasio na wakati maalumu. Lakini kwa binadamu ni vigumu kuitenga saa ya mwili na mwanga, kazi, chakula na usingizi. Panya, tofauti na mgonjwa, unaweza kumzimia taa kwa wiki nzima.

2. Jinsi panya anavyochunguzwa

Kwenye maabara taa huwaka kwa saa 12 na kuzimwa kwa saa 12. Watafiti huhesabu kuanzia taa inapowaka: saa ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi na mbili giza linapoingia. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa hesabu hii, kwani ndivyo tunavyohesabu saa zetu tangu kunapokucha.

Panya huwekewa nyaya nyembamba ndani ya ubongo, na kamera humtazama usiku na mchana. Mshtuko ukianza, kwanza huganda, kisha hutafuna bila chakula mdomoni. Kichwa huanza kutikisika, miguu ya mbele hutetemeka, naye husimama kwa miguu ya nyuma na kuanguka. Ngazi 5, kuanzia kutafuna hadi kuanguka, zilipangwa na Ronald Racine mwaka 1972, na bado zinatumika.

3. Ushahidi wa saa ya ndani

Mwaka 1998 Mark Quigg na wenzake, Marekani, waliwalinganisha panya wenye kifafa kinachotokana na hipokampasi na wagonjwa wenye kifafa cha eneo hilohilo la ubongo. Kwa wagonjwa, mishtuko ilifikia kilele kama saa 9 alasiri. Kwa panya, karibu na saa 11 jioni. Hapo ndipo penye fumbo. Panya hulala mchana na kuhangaika usiku, binadamu kinyume chake, na bado vilele vyao vinakaribiana. Kama usingizi peke yake ndio ungekuwa chanzo, vilele hivyo vingepishana kwa nusu siku.

Miaka 2 baadaye Quigg aliwaweka panya kwenye giza la kudumu. Mpangilio haukufutika: waliendelea kupatwa zaidi katika saa ambazo miili yao ilizihesabu kuwa mchana. Mwanga, basi, huirekebisha saa ya ndani, lakini si mwanga unaoiendesha. Makao yake ni kifundo kidogo cha seli kilicho juu ya njia panda ya neva za macho. Seli hizo huchangamka mchana kwa wanyama wa mchana na wa usiku pia, jambo linaloweza kusaidia kulifumbua fumbo letu.

Jeni nazo zimetoa ushahidi. Mwaka 2014 ilionekana kwamba panya wa kawaida huhitaji kiasi tofauti cha umeme kupata mshtuko kutegemea saa. Wale walionyimwa jeni ya saa iitwayo Bmal1 walipoteza tofauti hiyo, na walishtuka kwa umeme mdogo zaidi wakati wote.

4. Tahadhari

Tusiwafanye panya wote kuwa wamoja. Panya wa ukoo wa WAG/Rij, ambao hurithi kifafa cha kupotewa na fahamu kwa sekunde chache, hupatwa zaidi wakati wa giza, hasa wanaposinzia. Mtafiti anayefika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 10 jioni atawahesabia mishtuko michache kuliko waliyo nayo, na kwa panya wa Quigg atadhani hali ni mbaya kuliko ilivyo. Dawa ikijaribiwa katika saa hizo pekee, matokeo yatapotoka hata kama hesabu ni sahihi.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila ripoti ya majaribio ya kifafa itaje saa ambayo taa iliwaka, saa ya kila mshtuko na saa ya kila dozi. Pili, panya warekodiwe saa zote 24. Tatu, tusibadili saa za dawa za wagonjwa kwa ushahidi wa panya peke yake. Majaribio ya binadamu yatangulie.

Pendekezo la nne na la mwisho linaweza kuanza kesho katika kliniki zetu. Daftari la mgonjwa liongezewe safu moja, ya saa, na mama anayemuuguza mtoto wake aombwe kuijaza kila mara. Ninaomba semina hii ilipitishe.