Ua la Usambara Bustanini: Jani Moja Linatosha

(Maneno yaliyosemwa na mjumbe wa mradi wa bustani siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote nashukuru kupewa nafasi hii. Nimeambiwa niseme kidogo kuhusu maua, kisha tule. Nitajitahidi kutowachosha, maana harufu ya pilau hata mimi inanifikia hapa niliposimama.

Miaka kumi iliyopita tulianza na kisanduku chenye kufuli tatu na daftari moja. Wengi wetu tulikopa kwa ajili ya ada za shule, mbegu za kabichi, na mtaji wa genge. Mradi wa maua ulikuja nyuma kabisa, na wapo waliouita mradi wa mchezo. "Ua haliliwi," alisema mama mmoja, na wala sikumlaumu. Nami leo nitazungumzia ua moja tu, kwa sababu lina uamuzi ambao tutaufanya kwenye mkutano wa Jumatano.

Mnamkumbuka yule bwana aliyekuja na pikapu. Anataka violeti za Usambara, zile za msituni, ziking'olewa na mizizi yake na ukoka wake wa mwambani. Atalipa taslimu kwa kila shina, kuliko bei tunayouzia sisi makopo yetu. Wenzetu kadhaa wanasema tukubali, mfuko ujae, tuongeze mikopo. Mimi nasema tukatae, na nitaeleza kwa nini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wa kwanza wa mradi nilikopa kwenye kisanduku. Nikamchukua kijana, tukaingia korongoni, tukang'oa mashina arobaini. Yalikuwa mazuri ajabu, yana maua. Nikayapanda kwenye makopo, nikayapanga barazani yapate jua, nikayamwagilia maji ya bomba asubuhi na jioni kama mboga. Wiki ya pili majani yakapata madoa ya kahawia. Wiki ya nne katikati pakaoza. Yalibaki tisa. Mkopo niliulipa kwa mahindi, na mume wangu hadi leo akiona kopo tupu hucheka. Nilirudi korongoni nikitaka mengine, nikakuta mwamba mweupe. Ile miaka yote nimepita pale, hayajaota tena upande ule.

Sababu yake niliielewa baadaye. Ua hili haliishi kwenye udongo kama mchicha. Linashika mwamba penye ukoka, kivulini, karibu na kijito, mahali ambapo maji hudondoka taratibu na hewa ina unyevu siku zote. Mizizi yake ni laini kama nywele na iko juujuu. Ukiling'oa umeikata. Ukikata miti ya juu, hata usipoligusa, jua linaingia na lenyewe linakauka. Na aina nyingine hazipo ila kwenye mlima mmoja, au bonde moja, duniani kote.

Sasa tulitambueje? Wengi huita violeti kila kitu chenye ua la zambarau. Ua letu lina petali tano, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, na katikati vifuko viwili vya manjano kama punje za uwele. Majani ni manene, yana vinyweleo, na kila jani lina kikonyo chake. Wazee wengine hapa huliita dughulushi. Lipo na jamaa yake wa msituni ambaye ua lake ni refu kama tarumbeta, na tunda lake limejisokota kama kamba. Huyo ndiye streptokapasi. Tunda la violeti yetu halijisokoti. Hata hivyo mwaka 2015 wataalamu wa mimea, baada ya kuchunguza vinasaba, waliwaunganisha wote katika jamii moja ya Streptocarpus. Kwa hiyo mkiona kwenye vitabu vya zamani jina Saintpaulia, ni hili hili.

Aina zake zimewasumbua hata wasomi. Zamani walihesabu kama ishirini; mwaka 2006 Iain Darbyshire alizipunguza hadi sita, nyingine akazifanya kuwa matawi ya aina moja. Sisi bustanini tunatumia macho na vidole. Kwanza tazama umbo: je, majani yamekaa duara chini kama sahani, au shina linatambaa na kuning'inia? Lenye kutambaa, lenye vikonyo virefu, ni ndugu wa grotei wa upande wa Amani, Usambara Mashariki. Hilo litundike, usiliweke kwenye kopo fupi. Pili, pindua jani. Likiwa jekundu chini na juu lina weusi laini kama mahameli, ni velutina, la milima yetu hii ya Magharibi. Lenye majani makubwa membamba ni grandifolia, nalo ni la kwetu pia. Lenye majani ya mviringo na maua madogo yaliyopauka yenye katikati nyeusi-nyeusi ni orbicularis. Halafu lipo moja dogo sana, maua karibu meupe na doa la urujuani kooni. Hilo linaitwa shumensis, yaani la Shume. Jamani, Shume yetu hii ya viazi na kabichi! Nilipoambiwa hivyo nilidhani nataniwa.

Na hapo ndipo kichwa changu kilipogeuka. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati ule, alilipeleka ua hili kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, mjini Hannover, akaliandika kwa jina la huyo bwana. Miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost and Royston, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha miche mingi, wakachagua kumi iliyo bora. Kutoka kwenye hiyo zimezaliwa maelfu ya aina za dukani: nyeupe, za waridi, zenye petali nyingi, zenye majani ya mistari. Mwaka 1946 Wamarekani wakaunda chama chao cha kulipenda ua hili. Wajerumani hadi leo huliita violeti ya Usambara. Madirisha ya Ulaya yamejaa jina la milima yetu, na bibi anayeuza makopo pale njia ya Irente wageni humwuliza ameyatoa nchi gani.

Tazameni basi: biashara yote hiyo ya dunia haikuendelea kwa kung'oa misitu. Iliendelea kwa mbegu na kwa jani. Tunaweza vilevile, bila kupanda mlima.

Chagua jani lenye afya, si lile changa la katikati wala lile zee la pembeni kabisa. Likate pamoja na kikonyo chake, ubakize kama urefu wa viungo viwili vya kidole, ukate mshazari kwa wembe safi. Liache lipumzike kidogo jeraha likauke. Kopo lako litoboe chini. Changanya mboji iliyochekechwa, mchanga wa mtoni ulioosheka, na unga wa mkaa kidogo. Udongo mzito wa shambani usitumie, utaozesha. Chomeka kikonyo tu, jani libaki nje. Zamani tulifunika na mfuko wa nailoni. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo sasa tunakata chupa ya maji katikati na kufunika nayo. Inafaa zaidi, maana unaona ndani.

Baada ya wiki tatu au nne mizizi inatoka. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo chini, vinachomoza kama masikio ya panya. Hapo wengi wanakosea, wanavitenganisha mapema. Subiri vipate upana wa kucha ya dole gumba. Jani moja huweza kutoa miche mitatu, minne, hata zaidi. Maua yatakuja kati ya miezi sita na tisa, kwa hiyo anayekopa kwa mradi huu asijiwekee marejesho ya miezi mitatu. Mama Mweka Hazina, naomba hilo liingie kwenye daftari.

Maji mwagilia kwenye kisahani cha chini, au udongoni kwa uangalifu. Maji baridi yakigusa majani yanaacha mapete ya manjano ambayo hayafutiki. Mimi huyaacha maji usiku kucha ndani ya nyumba yapoe ubaridi. Ukishika udongo juu na kuhisi unyevu, usimwagilie. Violeti nyingi hufa kwa kunywa kuliko kwa kiu. Mwanga linautaka, jua kali halilitaki: dirisha la mashariki lenye pazia, au baraza yenye paa. Juni na Julai, mnajua wenyewe baridi ya Lushoto, liingizeni ndani usiku, mbali na kioo. Wakija wale wadudu weupe kama pamba, wafuteni kwa kijiti chenye pamba na spiriti, na hilo kopo litengwe na mengine.

Usafiri ndio umetugharimu sana. Ile barabara ya kona kushuka Mombo huvunja majani. Sasa tunasimamisha makopo kwenye boksi na kujaza karatasi katikati. Majani matupu husafiri vizuri zaidi, yakifungwa kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, na wateja wa Tanga na Dar es Salaam wameanza kuyataka hivyo.

Sasa nirudi kwa yule bwana. Pesa yake ni ya kweli, sisemi ni ya uongo, na kuna mama humu ana mtoto anayesubiri ada. Lakini korongo litauzwa mara moja. Tena sehemu kubwa ya misitu hiyo ni hifadhi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kutoa mimea humo bila kibali. Atakayekamatwa njiani na magunia si yeye mwenye pikapu. Ni kijana wetu aliyetumwa. Tena, mteja akishazoea kuletewa za msituni, nani atanunua makopo yetu?

Ninachoomba Jumatano ni hiki. Mwenye shida ya ada apewe kutoka mfuko wa jamii, tusimsukume korongoni. Yule bwana aambiwe tutamuuzia miche ya bustani, kwa bei yetu, akitaka. Nao mfuko wa mradi ununue makopo na mboji, kila mwanachama aanze na majani matano.

Majani yenyewe nimeyaleta. Yako kwenye beseni pale mlangoni, yamefunikwa na gazeti lenye maji. Yenye uzi mwekundu ni velutina, yenye uzi mweupe ni yale ya kawaida ya dukani. Tafadhali msiyachanganye, na msiyaweke kwenye mkoba mmoja na pilau.