TUPANGE MAJI YETU KABLA BOMBA HALIJAKAUKA
(Mazungumzo kwa wanakijiji wa Lusewa)

Ndugu wanakijiji, akina mama na akina baba, leo tuzungumze habari ya maji. Hatukuja kutafuta wa kulaumiwa. Tumekuja kupanga.

Mwaka 1971 Serikali yetu ilianza mpango wa miaka 20. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumbani, yaani mita 400 tu. Mabomba mengi yakajengwa, lakini 1991 ilipofika lengo halikutimia. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba miradi mingi ilijengwa, kisha haikutunzwa. Mashine zilikosa mafuta na vipuri. Watu wakasema, "Hayo maji ni ya Serikali." Wakakaa kumngoja fundi, na mama akarudi mtoni na ndoo yake.

Sera ya Maji ya 2002 ilibadili mambo. Sasa watumiaji maji ndio wenye kuutunza mradi. Tangu Julai 2019 tuna RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini. RUWASA inajenga na kushauri. Lakini shida zetu tunazijua sisi wenyewe. Basi tuchukue penseli tuhesabu.

Kwanza, mahitaji. Kipimo cha Serikali ni lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Tuseme kijiji kina watu 2,000. Wanahitaji lita 50,000 kwa siku na vituo 8.

Pili, chanzo. Tukipime mwezi wa Oktoba, kiangazi kikiwa kikali. Masika kila kijito hujisifu. Tukinge ndoo ya lita 20, tuhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 20, hiyo ni lita 1 kwa sekunde, yaani lita 86,400 kwa siku. Maji yanatosha. Ikijaa kwa sekunde 40, ni lita 43,200 tu. Hayatoshi.

Hapo ndipo penye ugomvi. Kila mtu anataka bomba mlangoni kwake. Lakini chanzo kikiwa kidogo, tukiongeza bomba hatuongezi maji. Wa bondeni watachota, wa mlimani watasikia upepo tu. Kwa hiyo tufuate mpangilio: kwanza chanzo, halafu tangi, halafu mabomba, mwisho vituo. Tangi lina kazi kubwa. Usiku sisi tumelala, chanzo hakilali. Tangi linatuwekea maji ya alfajiri. Na tusilime ndani ya mita 60 za chanzo. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza.

Tatu, fedha. Tuseme pampu ya jua ina bei ya shilingi 6,000,000, nayo hudumu miaka 10. Kila mwaka imekula 600,000, kila mwezi 50,000. Kama kaya ni 400, kila kaya iweke shilingi 125 kwa mwezi. Hiyo ni mbali na fedha za matengenezo madogo na posho ya mlinzi. Bei zikipanda, tuhesabu upya kila mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Fedha hizo zikae benki, watie sahihi watu zaidi ya mmoja, akina mama wakiwemo, maana wao ndio wabeba ndoo. Hesabu isomwe mkutanoni kila miezi mitatu. Wazee wasio na uwezo na wagonjwa tuwataje kwa haki, wasinyimwe maji.

Ndugu zetu, mkulima mwenye akili hali mbegu hata akiwa na njaa. Fedha ya pampu mpya ni mbegu. Tukiila leo kwa sherehe au kwa kukopeshana, siku pampu itakapokufa tutarudi mtoni, na watoto wetu watarudi kuharisha.

Basi tuamue hapa hapa: nani watapima chanzo Oktoba, na nani watashika daftari?