Bustani Isiyo na Wageni Haina Wenyewe

Juma hili nakuomba tuyape kisogo kwa muda mambo ya bei ya unga na nauli za matatu, tuzungumzie miti.

Jumapili iliyopita nilikuwa nikipita na binti yangu wa miaka kumi kando ya barabara ya State House hapa Nairobi. Akanyoosha kidole kwenye mti mmoja mkubwa, akaniuliza, "Baba, ule unaitwaje?" Nikajikuna kichwa. Mimi niliyechunga mbuzi chini ya miti ya kila namna sikuwa na jibu. Nikamwambia ni mti wa kivuli. Mtoto akacheka, nami nilistahili kuchekwa.

Ndipo tukaingia Arboretum, shamba lile la miti lililo kama kilomita tatu tu kutoka katikati ya jiji. Wengi wetu hulijua kwa picha za harusi na kwa watu wanaokwenda kuomba. Asili yake ni hii. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na magarimoshi ya siku hizo yalikula kuni. Ilihitajika miti inayokua haraka, na mwaka 1907 serikali ya kikoloni ikatenga mahali hapo pa kujaribia miti ya kigeni. Leo, katika hekta zipatazo 30, imo miti ya aina zaidi ya 300, ya kwetu na ya ng'ambo. Baadhi ina vibao vya majina. Binti yangu alivisoma kimoja kimoja, huku tumbili wakimwinda kwa macho kwa sababu ya ndizi aliyoshika.

Si hapo tu. Pale Makumbusho ya Taifa ipo bustani ya mimea, na humo utaiona mimea ambayo nyanya zetu waliichemshia dawa. Parklands iko City Park, yenye kipande cha msitu wa asili katikati ya majumba. Humo amezikwa Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965, na rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Ukivuka Muthaiga uko Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000, wenye mapango, maporomoko ya maji, na mihugu, mti ule ambao wachongaji wa vinyago wameupenda hata ukawa adimu kwingineko.

Na ukiwa na nusu siku, panda gari uende Tigoni, karibu na Limuru, kwenye bustani ya Brackenhurst. Huko, tangu mwaka 2000, mikaratusi na miti mingine ya kigeni imekuwa ikiondolewa ili miti ya asili ya Afrika Mashariki irudi. Tazama mzunguko huo, msikilizaji: mwaka 1907 tulitengewa bustani ya kujaribia miti ya wageni, karibu miaka 100 baadaye tukalazimika kuanzisha nyingine ya kuwarudisha wenyeji.

Utauliza, kuna nini cha kutunyima usingizi katika haya? Kipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1989 ulikuwapo mpango wa kusimamisha jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Miaka michache baadaye vipande vya Karura vikagawiwa watu binafsi, na Januari 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai alipigwa hadi akatokwa damu alipokwenda kupanda miti huko. Jumba lile halikujengwa, na Karura ungalipo, kwa sababu walikuwapo watu waliosema, "Hapa ni petu." Lakini mtu hawezi kusema hivyo juu ya mahali ambapo hajapata kukanyaga. Mnyakuzi wa ardhi hutafuta kwanza uwanja usioulizwa na mtu.

Ndiyo maana nina neno juu ya malango. Katika baadhi ya bustani hizi hutozwa kiingilio. Najua vyoo havijifagii na askari wa doria hula. Hata hivyo, kwa mama wa Mathare mwenye watoto wanne, ukijumlisha kiingilio na nauli ya kwenda na kurudi, hicho ni chakula cha siku nzima. Mama huyo akibaki nje, atakapokuja tingatinga atakuwa na sababu gani ya kulizuia? Wenye mamlaka watenge hata siku moja kwa mwezi ambayo watoto wa shule za mitaa yetu wataingia bure, na kila mti wenye umri upewe kibao, jina la kienyeji likiwa pamoja na lile la Kilatini.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mwezi huu chagua bustani moja, nenda na mtoto wako, mrudi mkiwa mmejua miti mitano kwa majina.

Mti ule wa barabarani, msikilizaji, ni mukinduri. Binti yangu aliupata wenzake ndani ya Arboretum, wenye kibao, akarudi nje mbio kuniambia. Sasa kila tukipita pale ni yeye anayeniuliza, kuhakikisha kwamba baba yake hajasahau.

Hadi juma lijalo, kwaheri.