Hitilafu ya Umeme Ina Chanzo: Usalama wa Nyaya Majumbani

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata za Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto

Nyumba inapoteketea, taarifa inayofuata mara nyingi huwa na maneno matatu: hitilafu ya umeme. Maneno hayo hutamkwa kana kwamba umeme wenyewe ulikosea. Umeme haukosei. Hufuata njia yoyote inayouruhusu kupita, iwe ni waya mzima, waya ulioguguniwa na panya darini, ukuta uliolowa au mwili wa mtoto. Nyuma ya kila hitilafu kuna kiungo kilicholegea, kifaa kilichozidiwa, fundi asiye na sifa au dalili iliyoonekana ikapuuzwa. Jambo hilo linatia moyo, kwa kuwa chenye chanzo huweza kuzuiliwa.

Sehemu ya maji yanayoteremka kutoka Milima ya Usambara huingia Mto Pangani na kuzungusha mitambo ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, na ile ya Pangani, yenye uwezo wa megawati 68. Hata hivyo, kwa miaka mingi vitongoji vingi vya milimani viliwashwa kwa koroboi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umebadili hali hiyo. Ada ya kuunganishiwa ya shilingi 27,000 imeufikisha umeme katika nyumba ambazo zamani zisingeuota. Lakini ada hiyo hainunui nyaya za ndani. Hapo ndipo familia nyingi hubana matumizi, na hapo ndipo hatari huanzia.

MPAKA WA WAJIBU

Nguzo, waya unaoingia nyumbani na mita ya LUKU ni mali ya Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO. Hakuna mkazi wala fundi wa mtaani aliyeruhusiwa kuvigusa. Kuanzia mita kuelekea ndani, yaani mein swichi, sakiti breka, nyaya, swichi na soketi, wajibu ni wa mwenye nyumba.

Mpaka huo humsaidia mkazi kujua pa kupeleka tatizo. Taa zikififia katika nyumba zote za jirani, au waya ukitoa cheche juu ya nguzo, TANESCO ipigiwe kwa namba 180. Taa zikififia katika nyumba moja tu, chanzo huenda kiko ndani ya nyumba hiyo au kwenye kiungo cha waya unaoiingia. Fundi mwenye leseni aanze uchunguzi, na akibaini kasoro upande wa mita, TANESCO iarifiwe.

DALILI ZISIZOPASWA KUPUUZWA

Nyumba huonya kabla ya kuungua. Swichi au soketi yenye joto, plastiki iliyobadilika rangi, harufu ya mpira unaoungua, mlio wa kukwaruza ukutani na taa inayopepesa kila mlango unapofungwa, zote ni ishara za kiungo kilicholegea. Kiungo cha namna hiyo huzalisha joto jingi katika sehemu ndogo sana, hadi mbao za dari zinashika moto bila breka kukata.

Dalili iliyo mbaya kuliko zote ni ganzi au mtekenyo mkononi mtu anapogusa bomba la maji, jokofu, pasi au bati la nyumba. Wako wanaoichekea na kuizoea. Mtekenyo huo maana yake umeme unavuja na waya wa ethi haufanyi kazi yake. Leo mguso umetokea kwa mkono mkavu na ndala miguuni. Kesho mtoto atagusa akiwa peku, ametoka kuoga. Balbu ya wati 60 hupitisha takriban miliampia 260, ilhali kiasi kinachozidi miliampia 30, kikipita kifuani, chaweza kuuvuruga moyo. Mein swichi izimwe siku hiyo hiyo na fundi aitwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika jambo hili, ukuta wenyewe ni kaburi.

YALIYO NDANI YA UWEZO WA MWENYE NYUMBA

Kila mtu mzima nyumbani ajue mein swichi iliko na namna ya kuizima gizani. Sanduku lake lisizibwe kwa kabati wala magunia ya viazi.

Breka ikikata, isirudishwe kwa pupa. Kwanza vifaa vyote vichomolewe, kisha breka irudishwe mara moja. Ikikata tena ilhali hakuna kilichochomekwa, hitilafu imo katika nyaya au taa. Ibaki imezimwa mpaka fundi afike. Ikitulia, vifaa vichomekwe kimoja baada ya kingine, na kile kitakachoikata ndicho kibovu. Breka isizuiliwe isikate, wala isibadilishwe kwa kubwa zaidi. Breka huulinda waya usiungue. Ikiwa kubwa kuliko uwezo wa waya, waya ndio utakaotangulia kuungua.

Kanuni hiyo hiyo inahusu fyuzi. Kuweka msumari, karatasi ya pakiti ya sigara au uzi mnene wa shaba mahali pa fyuzi ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Katika plagi ya pini tatu, fyuzi ya ampia 3 inatosha kifaa kisichozidi wati 690, mathalani redio au taa ya mezani. Pasi, birika na jiko huhitaji fyuzi ya ampia 13.

Wakati wa kubadilisha balbu, haitoshi kuzima swichi ya ukutani. Katika nyumba zilizofungwa vibaya, swichi hukata waya wa nyutro, na waya wa moto hubaki hai ndani ya holda. Mein swichi izimwe, balbu ya zamani iachwe ipoe, mikono iwe mikavu, na anayebadilisha asimame juu ya kigoda kikavu na imara.

Ekstensheni nayo ina hesabu yake. Soketi ya ampia 13 kwa volti 230 hubeba takriban wati 2,990, basi. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, familia ikichomeka kipasha joto cha wati 2,000 na birika la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja, mzigo unafika zaidi ya ampia 17. Waya mwembamba uliopitishwa chini ya mkeka au godoro hupata moto bila kuonekana. Kipasha joto, birika, pasi na jiko kila kimoja kichomekwe peke yake, moja kwa moja ukutani. Ekstensheni haifai kuwa mfumo wa kudumu wa nyumba, wala isichomekwe juu ya ekstensheni nyingine.

KAZI ZA FUNDI MWENYE LESENI

Kuongeza soketi, kupitisha waya mpya, kufunga hita ya kuogea, kubadilisha breka na kutafuta uvujaji wa umeme si kazi za kujaribia. Mafundi wa mifumo ya umeme hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, kwa madaraja yanayoonesha kazi wanazoruhusiwa kufanya. Mwenye nyumba anayo haki ya kuomba kuiona leseni kabla ya kutoa malipo. Fundi wa kweli haoni haya kuionesha.

Vifaa navyo vikaguliwe. Kwa kawaida, waya wa taa huwa na milimita za mraba 1.5 na wa soketi 2.5, hita ya kuogea na jiko kubwa huhitaji waya mnene zaidi, kulingana na wati zake. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, itazamwe. Uko waya wa alumini uliopakwa shaba nje tu. Ni mwepesi na bei yake inavutia, lakini hupata joto upesi. Rahisi ni ghali.

Rangi za nyaya nazo zinahitaji hadhari. Mifumo ya zamani hutumia nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro. Mipya hutumia kahawia na buluu. Waya wa ethi ni wa kijani, au kijani na njano. Nyumba iliyoongezwa vyumba kwa nyakati tofauti yaweza kuwa na rangi za aina zote mbili, na fundi asiye makini ameweza kuzichanganya. Kwa hiyo rangi pekee isiaminiwe, nyaya zipimwe.

Ethi yenyewe ni fimbo ya shaba inayochimbiwa ardhini ili umeme unaovuja upate njia salama. Penye mwamba, kama ilivyo katika miteremko mingi ya milima hii, fimbo isiyozama ni pambo tu. Fundi aitafutie udongo wenye unyevu, kisha apime. Familia inayoweza ifungiwe pia kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja kwa miliampia 30. Kifaa hicho kimoja huokoa maisha ambayo breka ya kawaida haiwezi kuyaokoa.

MVUA, UKUNGU NA MITI

Mvua za masika na vuli, pamoja na ukungu wa mara kwa mara, huifanya Lushoto kuwa mahali ambapo unyevu haukauki haraka. Paa linalovuja juu ya holda au sanduku la breka lizibwe kwanza, kabla ya kununua balbu nyingine. Soketi za nje na za jikoni ziwe mbali na maji. Wakati wa radi, runinga na jokofu vichomolewe mapema, kabla radi haijakaribia.

Nguo zisianikwe juu ya waya wa umeme. Waya usitolewe nyumba moja kwenda nyingine kwa kupitia miti na ua. Mkaratusi au mparachichi uliokaribia laini usikatwe na mkazi, TANESCO ijulishwe. Upepo au maporomoko ya udongo yakiangusha nguzo, watu wakae umbali wa mita 10 au zaidi, watoto na mifugo wazuiwe, na waya uliolala uhesabiwe kuwa hai mpaka TANESCO iseme vinginevyo.

AJALI IKITOKEA

Aliyenaswa na umeme asishikwe, hata akiwa mtoto wa kuzaa. Wengi hufa wawili kwa sababu wa pili alikimbilia kumshika wa kwanza. Mein swichi izimwe. Isipofikika, na ikiwa ni umeme wa ndani ya nyumba, mwokoaji asimame juu ya ubao mkavu na kuusukuma waya kwa mti mkavu. Kama mgonjwa hapumui, akandamizwe katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike au apumue. Hata aliyepata nafuu apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa moyo waweza kuyumba baadaye.

Moto wa umeme usimwagiwe maji. Umeme uzimwe, mchanga mkavu au kizimamoto cha unga kitumike moto ukiwa bado mdogo. Ukizidi, watu watoke wote na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kwa namba 114. Vitongoji vingi vya milima hii hufikiwa kwa njia nyembamba ambazo gari la zimamoto haliwezi kupita. Kwa nyumba za huko, moto uliozuiwa kabla ya kuanza ndio pekee ulio na hakika ya kuzimwa.

Ndugu Wananchi, kila kaya inaweza kuanza wiki hii bila gharama yoyote: kumwonesha kila mtu mzima mein swichi ilipo, kugusa vifuniko vya soketi zote kwa mgongo wa mkono mkavu ili kubaini zenye joto, na kuandika namba 180 na 114 ukutani kando ya mita. Soketi itakayokutwa ina joto isitumike tena mpaka fundi aifungue.