Nasaba za Wahamiaji katika Mwambao wa Magara na Majina ya Mama Zao



Mada niliyokabidhiwa ni historia ya ukoo wa mhamiaji, yaani mtu aliyetoka kwao, akavuka maji au nyika, akatua kwa watu wasiomjua, akajenga, akaoa na kuzaa, na leo vitukuu vyake ndio wenyeji. Katika mwambao wetu huu wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, tokea Magara kuteremka hadi Rumonge na Nyanza-Lac, nyumba za namna hiyo si chache. Nazo ukiziuliza asili yake, aghalabu zitakujibu kwa jina la mwanamume mmoja aliyekuja kutoka Ujiji, na nyuma ya Ujiji wengine watataja Umanyema ng'ambo ya ziwa, wengine Lindi, Unguja au Maskati. Nadai mbele yenu kwamba jawabu hilo ni nusu ya taarikh, na kwamba nusu iliyosalia, ile ielezayo jinsi ukoo ulivyopata pa kukaa, imo katika majina ya wanawake.

Njia ya kuja huku ni ya zamani. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuizoea, na mawese ya Urundi yakiteremshwa kwa mitumbwi kwenda sokoni hapo. Baadaye Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi ambaye watu walimwita Rumaliza, aliifanya Ujiji kuwa ngome yake akawatuma watu wake kaskazini. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, mfalme wa Urundi, yakamzuia asiitawale milima, lakini ziwa lilikuwa wazi, na pamoja na biashara walikuja wachuuzi, wapiga makasia, mafundi, na vilevile, maana sharti tuseme bila ya kuficha, watumwa na wajakazi waliotekwa ng'ambo ya ziwa. Wengi katika hao tunaowaita leo Wamanyema hawakuhama kwa hiari.

Hali hii si yetu peke yetu. Waairishi waliovuka bahari kwenda makoloni ya Marekani, kama wale wa Ulster walioshuka Boston mwaka 1718, wameacha wajukuu wenye shauku kubwa ya nasaba, na kule pia shajara huanzia kwa mwanamume aliyepanda merikebu. Wengi wa wahamiaji wa siku zile hawakuwa na nauli, wakaifanyia kazi miaka minne hadi saba chini ya bwana. Na huko Virginia aliyemlipia mtu nauli alipewa ekari 50 kwa kila kichwa, hata jina lililoandikwa katika daftari la ardhi likawa la mlipaji, na la mlipiwa likatajwa kama hesabu ya mali. Isitoshe, jumba la kumbukumbu za serikali mjini Dublin liliteketea mwaka 1922 pamoja na wosia za karne nyingi na sensa, na tangu hapo mtafutaji hulazimika kwenda makaburini na katika vitabu vya makanisa. Sisi hatukuunguliwa na jumba, kwa kuwa hatukuwa nalo. Lakini makaburi tunayo.

Nanyi mashekhe mnaijua siri ya kaburi kuliko mimi. Maiti akisha kulazwa mwanandani na udongo kufukiwa, shekhe huchutama upande wa kichwani, na kabla ya kumsomea talakini huwageukia wafiwa akauliza kwa sauti ya chini, "Mama yake nani?" Mtu yule aliyeitwa kwa jina la baba umri wake wote, katika ndoa yake, katika kodi yake na katika kesi zake, sasa anaitwa kwa jina la aliyemzaa, na ikiwa hakuna ajuaye, huitwa mwana wa Hawa. Nimesimama mazikoni nikaona wanaume wazima, hodari wa kuhesabu mababa hadi Lindi, wakitazamana kwa swali lile, hadi kijana akatumwa mbio nyumbani kwenda kumwuliza bibi.

Nguvu ya jina la mama haikuishia kaburini. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, anaeleza jinsi alivyomwendea mzee Kasongo Rushie wa Utetela akamwambia kwamba upande wa kikeni yeye ni damu ya nyumba yake, kupitia binti aliyetekwa zamani, na mzee yule akamkabidhi utawala. Kisa kile kina shaka kubwa. Hata hivyo, mtu aliyekuwa na bunduki nyingi namna ile aliona faida kujitafutia bibi.

Huku kwetu mhamiaji hakuwa na kilima cha asili wala Mtutsi wala Mhutu wa kumdhamini. Akipata shamba la michikichi, aghalabu alilipata kwa kuomba kwa mwenye ardhi au kwa kuwa mkwe wa watu. Na baada ya mauaji ya 1972, watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walipokimbilia Tanzania wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wakimbizi wengine wa mwaka ule kupelekwa Marekani kuanzia 2007, waliorejea walikuta mashamba yana watu wengine. Katika mabishano juu ya mashamba hayo, mjomba anayekumbuka harusi ya dada yake ni shahidi wa thamani.

Kwa hiyo naomba mashekhe, maadamu swali mnaliuliza tayari, muandike jawabu lake katika daftari la msikiti, pamoja na mahali alikozaliwa mama huyo. Na wazee wa Kirundi wa vilima vya jirani waulizwe ni binti zao gani walioolewa ufukoni, na jamaa walioko Ujiji na ughaibuni waandikiwe barua. Najua zipo nyumba zitakazoona haya kumtaja bibi aliyenunuliwa. Zisilazimishwe, ila asiandikwe kuwa mke wa hiari yule ambaye watoto wake wenyewe wanajua hakuwa hivyo. Daftari la kwanza laweza kufunguliwa Ijumaa ijayo baada ya sala, iwapo kikao hiki kitaridhia.