Nani Hutafsiri Anwani? Istilahi za Kumbukumbu ya Kompyuta



Sentensi ninayopenda tuichambue ni fupi: “Kiini cha mfumo endeshi hutafsiri anwani pepe kuwa anwani halisi.” Kisarufi haina kasoro. Kimaana, inampotosha mwanafunzi.

Tuanze na kitenzi. Katika kompyuta yenye prosesa ya x86-64 inayoendeshwa na Linux, kumbukumbu kwa kawaida hugawanywa katika kurasa za baiti 4,096. Katika mpangilio uliozoeleka, anwani inayotumiwa na programu ina biti 48. Biti 12 za mwisho huonyesha mahali ndani ya ukurasa. Zilizobaki, 36, hugawanywa katika mafungu manne ya biti tisa, na kila fungu huchagua mstari mmoja kati ya 512 katika jedwali la ngazi yake. Jedwali la kwanza huelekeza kwenye la pili, hadi la nne linalotaja ukurasa wenyewe.

Anayezipita ngazi hizo si kiini. Ni prosesa, nayo huhifadhi majibu ya karibuni ili isirudie safari hiyo kila mara. Kiini huandika majedwali, huiambia prosesa yalipo, kisha hukaa kando. Huitwa pale tu mstari unapokosekana au ruhusa inapokiukwa. Hapo huleta ukurasa unaotakiwa, pengine kutoka diskini, ama huisimamisha programu. Kwetu sisi wa lugha, kiini ni mtunga kamusi. Mfasiri ni maunzi. Kingalikuwa kiini ndicho kinachotafsiri kila anwani, maagizo yake nayo yangalihitaji kutafsiriwa, na kazi hiyo isingalikuwa na mwisho.

Sasa neno “pepe”. Tumelizoea katika barua pepe, lakini mkulima wa mpunga hulijua kwa maana ya punje tupu. Anwani hii si tupu hata kidogo. Programu mbili zaweza kutumia anwani ile ile, kila moja ikafikia ukurasa wake. Ndiyo maana moja haiwezi kusoma siri za nyingine. Na tukiiita ile ya pili “halisi”, tumekwisha kuihukumu ya kwanza kuwa ya uongo.

Napendekeza “anwani ya programu” na “anwani ya maunzi”. Hayana mvuto, nakiri, lakini yanataja mwenye kuitumia kila anwani. Wazo lenyewe si geni: kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, tayari ilitumia kurasa za maneno 512. Kitenzi “tafsiri” tukibakishe, mradi kiima chake kiwe prosesa.