Tumtafute Mwenye Shida Kama Yetu



Kayongo, lile gugu la maua ya zambarau, tunalijua sote. Linanyonya mizizi, mahindi yanabaki mafupi. Ukimuuliza jirani, naye analia vilevile. Basi tuulize mbali zaidi. Siku hizi wakulima wana vikundi vya mazungumzo kwenye simu, wengine kwa barua pepe. Kule Mbita, ICIPE ilianza miaka ya 1990 kutafiti njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya napia pembeni. Aliyejaribu atatueleza vizuri kuliko karatasi.

Tutawapataje?

1. Tutaje shida yenyewe: si "kilimo", ni "kayongo".
2. Tumuulize afisa wa kilimo kikundi anachokiamini.
3. Tukiingia, tusikilize kwanza.
4. Tukiuliza, tuseme shamba liko wapi na tulipanda lini.

Lakini tuangalie! Anayetaka namba ya siri ya M-Pesa ni mwizi, si mkulima. Na ushauri mpya tuujaribu mistari michache kwanza.

Mwenye simu awasomee wenzake majibu mkutanoni, asiye nayo asibaki nyuma. Tukivuna, turudi kuwaambia waliotusaidia.